Mama Alivyoupigia Vigelegele Ukali Wangu

Sokoni Rumonge, huku kwetu kando ya ziwa, kila mtu anaujua mdomo wangu. Nauza mawese, nimeyauza tangu nikiwa msichana nikimshikia mama madumu, na kunyamaza sikufundishwa. Ukiniletea mawese yaliyotiwa maji nitakwambia mbele ya watu. Ukinipunja kipimo nitakwambia mbele ya watu na mbele ya mkweo. Wakulima wa Kizuka walishanizoea. Wakishuka tu kwenye gari wanasema, "Amahoro, mama mukali," nami nawajibu, "Amahoro gani, amani gani, na haya madumu machafu?" Tunagombana, tunacheka, biashara inakwenda. Hivyo ndivyo nilivyo, na sijaona sababu ya kumwomba mtu radhi.

Kwa hiyo nilipoanza kuugua, watu walinisifu.

Hili mpaka leo linanikera. Niliacha kugombana. Mtu aliniletea mawese yenye mchanga nikamlipa. Jirani alimwaga maji yake machafu mlangoni kwangu nikayaruka nikapita. Na wanawake wa mtaa wetu wakasema, mashallah, siku hizi amekuwa mpole, amekua, amepata adabu. Mmoja alinishika bega akaniambia, "Sasa ndiyo umekuwa mwanamke." Nilimwitikia "asante." Mimi! Siku nyingine ningemwonyesha mwanamke ni nani.

Haukuwa upole. Nilikuwa nimezimika. Asubuhi nilifumbua macho nikatazama bati la nyumba, na kuteremsha miguu kitandani kulikuwa kazi kubwa kuliko kupakia lori. Sikulia. Watu wanadhani mgonjwa wa namna hii analia, mimi sikuwa hata na hicho. Chakula kilikuwa kitu cha kutafuna tu. Daktari wa Bujumbura aliuita ugonjwa huu depresiyo. Mama aliuita kwa Kirundi agahinda, huzuni ile nzito. Kiswahili chake nilikuja kukisikia baadaye, ugenini: sonona. Mtaani kila mtu alikuwa na sababu yake. Ni ziwa lililopanda likala vibanda vya ufukweni. Ni jini. Ni baba wa mtoto, aliyekwenda Uvira akaoa huko. Mie sijui. Yule bwana nilishamwachia Mungu zamani, na kibanda changu hakikuguswa na maji. Ulikuja tu, kama kutu inavyokuja.

Mtu mmoja tu hakunisifu: binti yangu. Alikuwa darasa la tatu. Yeye hakuona upole, aliona mama yake hayupo. Aliacha kucheza. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake wanakimbilia mpira, yeye anakimbia nyumbani, anachungulia dirishani, anarudi shule. Jioni hakutoka. Alikaa mlangoni akijifanya anachambua maharage. Na asubuhi, akidhani nimelala, alikuja taratibu akaweka kiganja mbele ya pua yangu aone kama napumua. Kiganja kidogo, chenye harufu ya sabuni. Akisikia pumzi, anakwenda kuvaa sare.

Nilijua. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote: nilijua kwamba mwanangu ananilinda nisife, na sikupata nguvu hata ya kumwambia acha. Naye alikuwa na haki ya kuogopa. Kulikuwa na siku nilizotamani nisiamke tena.

Tulihangaika. Daktari wa Bujumbura alinipa vidonge vya kwanza, nikavimeza kwa miezi, nikanenepa na kukauka mdomo, basi. Akabadilisha, nikasinzia juu ya madumu. Akabadilisha tena, akaongeza, akachanganya. Sivitukani vidonge. Kabezi kuna mama mmoja muuza samaki, rafiki yangu, ambaye vilevile vya kwanza vilimwinua akarudi kuuza. Mimi havikuniinua. Shehe alinisomea dua, akaniandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, unaziosha kwa maji na kuyanywa. Nilikunywa. Moyo ulitulia kidogo wakati wa kusomewa, akitoka shehe na utulivu unatoka naye. Daktari naye akanieleza kwamba kuna sonona isiyosikia dawa, na haina maana kwamba mgonjwa ni mkaidi. Nilipenda alivyosema hivyo. Sikuwa na nguvu za kuonyesha kwamba nimependa.

Ndipo kaka yangu akapiga simu. Yeye anauza vipuri vya magari Nairobi, miaka mingi sasa, na katika wateja wake kuna aliyepona kwa mashine. "Ni sumaku," alisema. "Wanakuwekea kichwani. Hakuna kisu, hakuna sindano, hulazwi usingizi."

Mama aliichukua simu mkononi mwangu. Kisha akauliza, "Sumaku inavuta nini humo ndani?"

"Haivuti kitu, Mama. Inaamsha."

Mama akafunga mizigo siku hiyohiyo. Neno hilo la kuamsha lilimtosha.

Mtoto tulimwacha kwa mama yangu mkubwa, mtaa wa pili. Siku ya kuondoka hakulia. Alimvuta bibi yake, mama yangu, pembeni, nami nikasikia akimfundisha kwa sauti ya chini: "Bibi, usimuamshe. Weka mukono hapa tu. Kama iko joto, iko sawa." Bibi yake, mwanamke aliyezika mume na watoto wawili, akamjibu "ego," ndiyo, kwa heshima kama anayepewa kazi na bosi. Kisha akaingia chooni akakaa humo muda mrefu. Basi nilipanda gari nikiwa na jambo moja tu kichwani. Sikuwa nakwenda kutafuta furaha, furaha sikuikumbuka hata sura yake. Nilikwenda ili mtoto huyu aachishwe ile kazi.

Kliniki ya Nairobi ilikuwa ghorofani, safi, kimya. Daktari wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara, Kiswahili chake kikavu na cha kueleweka. Alituuliza maswali mengi kabla ya yote: nina kifafa? Nina chuma kichwani, risasi, chochote kilichowekwa na madaktari? Kisha akasema wazi, na hili namheshimu nalo: "Sitakuahidi. Wako wanaopona kabisa. Wako wanaopata nafuu. Na wako ambao haiwasaidii kitu. Utakuja kila siku ya kazi kwa majuma kadhaa, ndipo tutajua."

Nilivua hereni na vibanio vya nywele. Mama kusikia neno sumaku na chuma akafunika mdomo, maana ana jino la dhahabu. Alivuta kiti chake mpaka mlangoni. Daktari alimweleza kwamba dhahabu haivutwi, na kwamba nguvu ya ile mashine haifiki hata kwenye bega langu. Mama alimshukuru, "murakoze sana, daktari," na hakusogea hata inchi.

Kiti kilikuwa kama cha kinyozi. Nikawekewa vizibo masikioni, na juu ya kichwa, upande wa kushoto, kifaa kama sahani mbili zilizoshikana. Kwanza daktari alikuwa anatafuta mahali pake. Aligusisha hapa, akagusisha pale, na ghafla dole gumba la mkono wangu wa kulia likaruka lenyewe. Sikuliambia liruke. Mama kule mlangoni akasema, "Bismillahi!" Daktari akafurahi. Alisema sasa amejua kichwa changu kinahitaji nguvu kiasi gani, akasogeza sahani zake mbele kidogo, akaanza. Ta-ta-ta-ta-ta, kisha kimya. Ta-ta-ta-ta-ta, kisha kimya. Kama kigogota ameona mdudu kwenye fuvu langu. Haiumi sana, inaudhi. Kope zinachezacheza, na ukitoka kichwa kinagonga kidogo, unameza kidonge cha maumivu, unakwenda zako.

Sasa hapa ndipo tulipoharibu.

Kila siku kabla ya kukaa kwenye kiti, daktari aliniuliza. "Habari za leo?" Nzuri. "Umelalaje?" Salama. "Hamu ya kula?" Ipo, alhamdulillah. "Na moyo, unajisikiaje?" Namshukuru Mungu. Na mama kule mlangoni anaitikia kila jibu: alhamdulillah, alhamdulillah, leo hata rangi yake imerudi, asante sana daktari, Mungu akuzidishie. Daktari anaandika.

Kwetu mtu anajibu nzuri hata roho ikiwa kooni. Mjomba wangu aliulizwa habari asubuhi akasema nzuri, adhuhuri tukamwosha. Ndivyo tulivyolelewa, kwanza unajibu nzuri, mabaya yanakuja baadaye, polepole, kama mtu ana muda wa kukaa. Kugombania mawese ni biashara. Salamu ni malezi. Na huyu mwanamke alikuwa ananishika kichwa kwa upole, ananiuliza kama kiti kinaniumiza, ananifunika miguu. Nimwambie usoni kwamba kazi yake haijafaa kitu? Ningekuwa nimezaliwa wapi? Na zaidi ya adabu kulikuwa na uvivu wa ugonjwa wenyewe. "Nzuri" ni neno fupi. Ukisema "mbaya" utaulizwa swali la pili.

Ukweli ni kwamba majuma yale ya mwanzo sikuona tofauti yoyote. Nilikaa kwenye kile kiti nikamwaza mtoto na kiganja chake, nikasema moyoni, basi, hata hii nayo imeshindikana.

Daktari alikuwa anachekelea. Alisema nimeitikia tiba upesi kuliko alivyotarajia, na tukiendelea hivi hatuna haja ya kukamilisha majuma yote, naweza kurudi kwa mwanangu mapema. Daktari alipopita mlangoni mama alimbusu mikono. Mimi nikasema asante. Nilikuwa narudishwa Rumonge mgonjwa vilevile, kwa adabu zetu wenyewe.

Chai ndiyo iliyotuokoa. Asubuhi moja nyumbani kwa kaka, mama ameniletea kikombe kama kila siku. Nikanywa fundo moja. Na kutoka mahali nisipopajua, chini kabisa, kitu kikapanda.

"Mama! Hii ni chai au ni asali? Tangu nizaliwe unanizamisha kwenye sukari, na tangu nizaliwe nakwambia sitaki! Kikombe kimoja unamwaga kilo! Unataka nife kwa ugonjwa gani, huu haunitoshi?"

Sauti ile ilikuwa yangu, ya sokoni, ile ya madumu machafu, nami sikuwa nimeisikia muda mrefu, nikaishtukia. Mama aliweka chupa ya chai chini kama mtu aliyebeba yai. Akanitazama. Kisha akainua uso akapiga vigelegele, mama yangu, mjane, mtu mzima, saa moja asubuhi katika nyumba ya ghorofa ya watu, mpaka jirani wa kaka akagonga mlango kuuliza kuna harusi gani.

"Amenitukana!" mama alimwambia yule jirani huku machozi yanamtiririka. "Mutoto wangu amenitukana!"

Kliniki, kwa mara ya kwanza tangu tufike, mama aliacha kiti chake cha mlangoni akaja kusimama mbele ya daktari, jino lake na yote. "Daktari, leo amenifokea. Kwa ajili ya sukari." Daktari akanigeukia, uso umemjaa wasiwasi. Akauliza kama nimekuwa na hasira siku hizi, kama silali, akaanza kuandika haraka. Mama akamshika mkono wa kalamu. "Hapana, daktari, hujanielewa. Huyu ndiye mwanangu. Yule mwingine anayekujibu hapa kila siku, mpole, nzuri-nzuri, yule sijui ni wa nani."

Basi nikasema. Nilimwambia daktari kwamba tangu siku ya kwanza sijawahi kuwa nzuri. Kwamba silali, chakula hakina ladha, na "namshukuru Mungu" lilikuwa jibu la salamu, halikuwa jibu la ugonjwa. Kwamba asubuhi hii, kwa mara ya kwanza, nimeudhika, na sijui kama kuudhika ni dawa.

Aliweka kalamu chini. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki. Akacheka, akajishika paji la uso. "Kumbe muda wote huu nimekuwa napima malezi yako," alisema, "ugonjwa sijaupima." Akafuta habari ya kuondoka mapema. Tukaanza kuhesabu upya na majuma yote tukayamaliza. Na maswali akayabadilisha. Hakuniuliza tena habari. Aliniuliza, "Jana ulitamani kula nini?" Aliniuliza, "Leo nani amekuudhi?" Hapo nilijibu, maana hapo hakuna adabu ya kujificha. Siku za mwanzo majibu yalikuwa haba. Baadaye ikabidi anikatize.

Haikuja kama mlango kufunguliwa. Ilikuja vipandevipande. Siku moja nikaona mapazia ya kaka ni machafu, nikashangaa kwamba naona. Siku nyingine nikalala mpaka adhana. Nikatamani ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na ugali wa muhogo kwa hamu iliyonitoa mate, nikalia barabarani kwa furaha ya kutamani ndagala, watu wanapita wananitazama. Kulikuwa na siku zilizorudi nyuma pia, nikasema basi imekwisha, kesho yake ikasogea tena mbele. Na kule kliniki, chumba cha kusubiri, kulikuwa na mzee mmoja mstaarabu aliyeanza juma moja nami, kiti kilekile, sahani zilezile. Yeye hakupata kitu. Aliniambia mwenyewe, akanipongeza. Nilimwonea haya kwa bahati yangu, nikamwombea, na mpaka leo namwombea. Siwezi kumwambia mtu kwamba mashine hii inaponya. Naweza kusema iliniponya mimi kwa sehemu kubwa, baada ya vidonge kushindwa, na kwamba kidonge kimoja bado nameza, na kwamba daktari aliniambia inaweza kurudi, na ikirudi nirudi.

Tulifika Rumonge mchana, jua kali, harufu ya mawese na moshi wa samaki mpaka barabarani. Sijawahi kusikia harufu nzuri hivyo. Juma halijaisha nilikuwa nimegombana na nusu ya soko. Yule jirani wa maji machafu, maji yake niliyarudisha mlangoni kwake kwa ndoo. Wanawake walewale wakasema, yoo, amerudi na ukali wake, kumbe huko kote alikwenda kufanya nini?

Mtoto hakuamini. Alinikumbatia, alicheka pale alipotakiwa kucheka, lakini asubuhi kiganja kilikuja puani. Wakati wa mapumziko dirisha likapata kivuli chake. Nilimweleza: mwanangu, nimepata nafuu, nenda kacheze. Alisema "ndiyo mama" akaenda kukaa mlangoni na maharage yake. Nilimfokea, akatabasamu kidogo, akabaki palepale. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa Nairobi. Mimi wamenigonga kichwa nikaamka. Yeye nani atamgonga? Hakuna sumaku ya hofu ya mtoto. Ikapita miezi hivyo, na nilianza kudhani kwamba mimi nimepona lakini yeye nimeshamharibia utoto wake.

Jumamosi moja nilimtuma kwa mama mkubwa kuleta chujio. Ni mwendo wa kwenda na kurudi, hata chai haipoi. Hakurudi. Nikahudumia wateja, nikatazama njia. Adhuhuri ikapita. Nikatuma mtu, akaja kuniambia mtoto alishachukua chujio zamani na kuondoka. Hasira ikanipanda, na nyuma ya hasira hofu, maana ziwa letu lina viboko na lina mamba. Nilifunga kibanda nikaenda, nikauliza nyumba hadi nyumba, alasiri ikaingia, nikaishia ufukweni nina maneno yangu yote tayari mdomoni, ya moto, yaliyopangwa vizuri.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anapiga kelele. Walikuwa kundi la watoto kwenye maji ya magotini, karibu na mitumbwi iliyovutwa juu, wanarushiana maji, na sauti iliyokuwa juu ya sauti zote ilikuwa yake, inamwambia mwenzake, "Mwizi wewe! Umeiba zamu yangu! Toka hapa na macho yako!" Mikono kiunoni. Gauni lote limelowa. Chujio langu walikuwa wanavulia visamaki.

Akageuka akaniona.

Uso ukamwanguka. Akatoka majini mbio, anateleza, akasimama mbele yangu, akaanza kulia kilio cha mtu aliyefanya kosa kubwa. Nilidhani ni kwa ajili ya gauni, au chujio.

"Mama," alisema, "nimekusahau. Nimekusahau kabisa."

Maneno yangu yote ya moto yakaisha. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Nikamfuta kamasi kwa khanga yangu.

"Hujafanya kosa," nikamwambia. "Rudi ukacheze. Nitakuita mimi."

Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta kama kweli nipo. Kisha akanipa mgongo, akakimbia.